Bukta ilikuwepo

Sawa. Najua mmeshaiona ile klipu ya kivuli changu. Na kama hamjaiona basi mmesimuliwa na yule mshikaji wangu, ambaye kuanzia leo sio mshikaji, maana tangu jana usiku anazunguka kila grupu na toleo lake kwamba eti nilikuwa uchi. SIKUWA UCHI. Nilikuwa na bukta. Ya bluu. Kuna sababu ya kisayansi kabisa kwa nini haionekani na nitaieleza, ila nawajua nyie, hamtaki sayansi, mnataka klipu.

Ilitokea tukipiga ile ile video ya wimbo ya darasani niliyowasumbua nayo hapa wiki nzima. Mimi ndio mtu wa mwanga. Hicho cheo sikupewa na mtu, nilikichukua kwa sababu mimi peke yangu ndio nilikuwa na glavu za kushikia taa za moto. Na lile wazo la kivuli ni langu pia, hilo silikatai hata leo pamoja na yote: unatundika shuka jeupe, msanii anasimama nyuma ya shuka, taa inakuwa nyuma yake, kamera inakaa mbele kwenye giza inachukua kivuli tu. Zuri, rahisi, halina gharama.

Kulipata sasa. Tulianza na zile taa za LED tukaona mistari inatembea kwenye skrini ya kamera kama maji yanashuka, kumbe zile zetu ukizipunguza mwanga hazipungui kwelikweli, zinawaka na kuzima harakaharaka, jicho halioni ila kamera inaona. Tukaziacha. Tukaweka taa ya haloji ndani ya softboksi, lile boksi la kitambaa la kulainisha mwanga, kivuli kikaja kimefifia kingo zote, dairekta akauliza huyu ni binadamu au ni moshi. Hapo nikajifanya profesa. Nikamwambia chanzo cha mwanga kikiwa kikubwa kivuli kinalainika, tunataka kidogo na kikali. Nikavua ile softboksi, haloji ikabaki uchi (yenyewe ndio ilikuwa uchi, sio mimi), wati 800, nikairudisha nyuma mpaka mita 4 kutoka kwenye shuka, usawa wa kiuno. Jamani. Kivuli kikakaa kama kimekatwa na mkasi, hereni za msanii unaziona zinacheza. Watu wakapiga makofi, mwalimu aliyekuja kutuangalia akatikisa kichwa kile kutikisa cha kukubali. Nikajiona mimi ndio mimi.

Shikilieni hapo kwenye mimi ndio mimi.

Kitu kingine mnachotakiwa kujua ni kwamba tulikuwa tunapiga slomosheni. Kamera inachukua fremu 50 kwa sekunde, ukija kuicheza kwa 25 kila kitu kinakuwa taratibu mara mbili, kwa hiyo ili midomo ya msanii ikubaliane na wimbo inabidi aimbe wimbo ukichezwa kwa kasi mara mbili. Wimbo wa mapenzi wa kuumiza roho, unatoka kwenye spika kama umeimbwa na vifaranga. Na unapigwa kwa sauti ya juu. Kwa hiyo ukiwa nyuma ya lile shuka husikii kingine chochote. Na kwa kuwa taa iko upande wako na kule mbele ni giza, huoni kitu zaidi ya shuka jeupe, ni kama unaangalia ukuta.

Basi dairekta akapiga kelele "Kata!", betri imeisha, tunapumzika kidogo. Nikasikia viti, nikasikia miguu, nikasikia mlango. Akili yangu ikaniambia wameondoka. Kumbe aliyetoka ni mtu mmoja, kafuata betri.

Mimi nabaki kule nyuma peke yangu. Tulikuwa tumezungushia vitambaa vyeusi pande zote mwanga usivuje, na haloji hiyo sehemu kubwa ya umeme inaokula inautoa kama joto, kwa hiyo nilikuwa nimekaa ndani ya oveni na wati 800 kwa masaa mawili. Nikavua shati. Nikaona bado. Nikavua suruali, nikaitundika kwenye stendi pamoja na glavu. Nikabaki na bukta. YA BLUU. Inabana kidogo, nakubali, ni ya zamani.

Halafu wimbo ukaanza tena. Nikajua ni yule jamaa wa spika anajaribu spika zake. Hapana. Betri ilikuwa imeshafika, msaidizi wa kamera akabonyeza kurekodi ajaribu kama mambo yako sawa, fremu 50 kwa sekunde, kamera imeelekezwa kwenye shuka.

Kwenye shuka nikakiona kivuli changu. Na hapa ndipo naomba mnivumilie, kwa sababu hata mimi tangu jana najiuliza. Mimi ndiye niliyeweka ile taa. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya watu na kueleza kwa mikono kwamba kivuli kinaonekana upande wa pili. Siku nzima ndiyo kazi tuliyokuwa tunaifanya! Lakini nilipokiona kivuli changu nikakichukulia kama kioo cha chumbani kwangu.

Kwanza nikasimama ubavu. Nikaangalia kitambi. Kilikuwepo. Nikavuta pumzi, kikaingia, nikajipongeza, nikaweka mikono kiunoni kama mtu wa kwenye tangazo. Nikakaa hivyo mpaka pumzi ikaisha, nikakiachia. Sasa kwenye klipu, nyie mlioiona mnajua, hakiachiwi tu. Kinashuka. Kinatoka mdogo mdogo kama jua linachomoza, kinafika mbele, kinatikisika, kinarudi nyuma kidogo, kinatulia. Halafu naonekana nakipapasa. Nikarudia. Mara tatu. Mara ya pili nakumbuka nilikuwa nalinganisha na ya kwanza.

Pili, kwapa. Nilikuwa nimetoka jasho masaa mawili, mtu yeyote angeangalia. Nikanyanyua mkono wa kulia, nikapeleka pua. Sikuridhika na matokeo, nikapeleka pua tena kuhakikisha. Nikanyanyua wa kushoto. Kwenye slomosheni pua inasafiri kuelekea kwapani kwa sekunde kama nne hivi, inafika, kichwa kinarudi nyuma kama kimepigwa kibao. Wewe unayepanga kuifanya hiyo stika, nakuona.

Tatu nikachukua roli ya tepu nikaifanya maiki nikaimba. Nikamwigiza msanii, halafu nikamwigiza dairekta anavyotembea na kile kidole chake cha kuonyesha onyesha. Dairekta alikuwa amekaa kiti cha mbele.

Wimbo ukaisha.

Kukawa kimya, na ndani ya kile kimya, mita chache tu mbele ya shuka, mtu akapiga chafya.

Niliganda. Roli ya tepu bado iko mdomoni. Nikasema moyoni labda ni mmoja tu. Halafu nikasikia sauti ya mtu anayejizuia kucheka kupitia puani, halafu mwingine, halafu nyingi, kama matairi yanatoka upepo.

Mtu mwenye akili angetembea pembeni, hatua tatu tu anatoka kwenye mwanga. Mimi nikaona dawa ni kuzima taa. Na swichi iko kwenye waya, chini, karibu kabisa na stendi ya taa. Kwa hiyo nikageuka, nikawapa mgongo, nikaifuata taa.

Hesabu yake ni hii. Taa iko mita 4 kutoka kwenye shuka. Ukisimama mita 2 kutoka kwenye taa, kivuli chako ni mara 2 yako. Ukisimama mita 1, mara 4. Nusu mita, mara 8. Mimi nilikwenda mpaka nusu mita, na nikainama. Taa ipo usawa wa kiuno. Leo asubuhi nimejipima kwa ajili ya hii stori tu, makalio yangu yana upana wa sentimita 38, ya kawaida kabisa, piga mara 8 ni mita 3 na sentimita 4.

Shuka lilikuwa na upana wa mita 3.

Na kivuli hakina rangi wala hakina kitambaa, ni ukingo tu, kwa hiyo bukta inayobana na kutokuwa na bukta kwenye shuka ni kitu kimoja. Ndio hiyo sayansi niliyowaahidi. Natafuta swichi kwa vidole, siioni, naambiwa kwenye klipu yanakwenda kushoto, yanakwenda kulia, yanarudi kati. Nikataka kujishikilia nisianguke nikashika kichwa cha taa. Glavu zipo kwenye suruali, suruali ipo kwenye stendi. Nikaungua, nikaruka pembeni. Kwenye slomosheni yanapaa, jamani, yanatoka kabisa kwenye shuka kwa pembeni, shuka linabaki jeupe kwa sekunde kama moja, halafu yanarudi kutua.

Mtu akachomoa waya ukutani.

Mengine hayana maana. Kidole kiko sawa. Msanii alicheka mpaka ikabidi apakwe poda upya. Mwalimu akasema kingo za kivuli zimetoka safi, akaandika kitu kwenye daftari lake sijui nini na sikuuliza. Tukaendelea kupiga mpaka usiku na mimi nikakaa kule nyuma ya shuka na suruali, shati na jaketi juu, kwenye joto lile lile, na kila wimbo ukiisha mtu mmoja anapiga chafya ya makusudi.

Dairekta hajaniambia chochote kuhusu kumwigiza. Ila ameniandikia leo kwamba ile sehemu shuka linabaki jeupe anaitaka kwenye video, kabla ya kiitikio, na kwamba "ili ieleweke" itabidi aanze sekunde mbili nyuma.

Bukta imeanikwa. Ni ya bluu. Anayebisha aje inboksi nimtumie picha.