Bendi ya mji si ya harusi peke yake

Anayeniuliza huku Uskoti kuna nini cha kuonea wivu simtajii barabara wala umeme usiokatika. Namtajia bendi ya bagpaipu ya mji wetu, mji mdogo tu nje ya Glasgow, ambako unaweza kuishi na jirani mlango kwa mlango msijuane hata majina.

Kwa asiyeijua, bagpaipu ni zumari lenye mfuko. Mpigaji anaujaza mfuko pumzi, anaubana kwa mkono, vidole vinacheza kwenye zumari lenye sauti tisa tu, na mirija mitatu begani inaunguruma mfululizo. Ngoma zinafuata nyuma. Mwanafunzi hapewi mfuko siku ya kwanza: anaanza na kijizumari kikavu cha mazoezi, na miezi ya mwanzo kinalia kama mbuzi aliyesahauliwa kambani. Majirani wanavumilia.

Mazoezi ni jioni moja kila wiki, kwenye ukumbi wa kanisa. Hapo utamkuta mzee mstaafu, fundi wa kuchomelea, amekaa goti kwa goti na binti wa shule ya msingi, anamsogeza kidole cha mwisho ambacho bado hakifiki tundu. Hawana undugu. Ala ni mali ya bendi, mtoto anaazimwa. Novemba, siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani, binti huyohuyo anasimama na bendi mbele ya mnara, mji mzima ukimtazama. Agosti kuna mashindano ya dunia pale Glasgow Green, na bendi zimepangwa kwa madaraja, kwa hiyo hata wanagenzi wanapata wa kushindana nao. Mtoto wa namna hiyo akianza kuharibika, wazee wanajua mapema kuliko polisi.

Sasa nyumbani. Mwanza haijapungukiwa wapigaji hata kidogo. Jumamosi yoyote, toka Igoma mpaka Kirumba, utakutana na tarumbeta juu ya pikapu mbele ya gari la bibi harusi, mashavu yamevimba, honi nyuma. Napenda mno. Ila muziki ule unaondoka na bibi harusi. Watoto wa mtaa wanaukimbiza hadi kona, wanarudi.

Bugobogobo je? Ilikuwa ngoma ya kulimia ya Wasukuma: wapigaji wanatoa mwendo, majembe yanapanda na kushuka pamoja, shamba la mwenzenu linaisha. Siku hizi naiona zaidi kwenye mapokezi ya wakubwa. Vijana wamesimama juani tangu asubuhi wakisubiri msafara, wanacheza dakika chache, wanapewa soda na fulana, kwaherini. Hilo linaniudhi kuliko ninavyoweza kueleza kwa heshima.

Na mashindano tulikuwa nayo bila kufundishwa na Mskoti. Pale Bujora, Kisesa, kila Juni kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, Bagika na Bagalu, wanacheza kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Glasgow kuna waamuzi na karatasi zao. Bujora mwamuzi ni miguu ya watazamaji (na dawa ya mvuto, wazee wataniambia). Lakini muulize kijana wa Igoma, Msukuma wa kuzaliwa, yeye ni Mgika au Mgalu. Atakutazama tu.

Nilipomwambia mdogo wangu kwa simu kwamba kila kata ingekuwa na kikundi chake, akacheka: "Kaka, huyo mwalimu atalipwa na nani?" Swali la haki. Bendi nyingi huku walimu ni wanachama wenyewe, wanajitolea, na harusi wanazopiga zinaingiza hela kwenye mfuko wa bendi, si mifukoni mwa watu. Bagpaipu ni ghali sana. Sisi hatuihitaji, ngoma ni mti na ngozi, na majembe yapo. Wenye tarumbeta tayari wanalipwa kila Jumamosi. Waanze wao: kila kikundi kichukue vijana wawili watatu wa mtaa wake, kiwafundishe jioni moja kwa wiki, na sehemu ya malipo ya harusi inunue ala ya kuazimisha.