DLC ya kulipia si adui tunayemdhania

Malalamiko yenyewe ni mepesi kueleweka: gemu nimeinunua kwa bei kamili, mbona naambiwa nilipe tena ndipo nipate wahusika, ramani au sehemu ya hadithi? Tangu kampuni ya Bethesda ilipouza deraya ya farasi kwenye gemu yake ya Oblivion kwa dola 2.50, Aprili 2006, na wachezaji wakacheka kwa hasira, hoja hiyo haijabadilika sana. Nyongeza za kulipia, yaani DLC kama wachezaji wanavyoziita, zinachukuliwa kuwa kipande kilichokatwa kwenye mali yetu kisha tukauziwa wenyewe. Kuna wakati ndivyo ilivyo. Mara nyingi sivyo, na kinachonisumbua zaidi ni kwamba hasira yetu dhidi ya DLC ilipofanikiwa, wakati mwingine ilitufungulia mlango wa jambo baya zaidi.

Chukua Star Wars Battlefront. Toleo la 2015 liliuzwa dola 60, na pasi ya msimu iliyobeba nyongeza zake ikauzwa dola 50 nyingine. Kelele zilizopigwa zilikuwa na msingi. Katika gemu ya kupambana mtandaoni, ramani ya kulipia inawagawa watu: mwenye nayo anacheza huku, asiye nayo anabaki kule, marafiki wanapotezana, na baada ya miezi kadhaa hata aliyelipa anakaa akisubiri wapinzani wasiokuja. Electronic Arts (EA), kampuni iliyoitoa gemu hiyo, ikasikia. Battlefront II ya Novemba 2017 ikaja bila pasi ya msimu, ramani na mashujaa watakaoongezwa wakiahidiwa kuwa bure kwa wote. Tulishangilia.

Fedha ikatafutwa kwingine. Gemu ikajaa makasha ya bahati: unalipa, unafungua, unapata kile kompyuta ilichokupangia, na baadhi ya vilivyomo vilimwongezea mwenye navyo nguvu vitani. Darth Vader na Luke Skywalker walifungiwa kwa alama 60,000 kila mmoja, na wachezaji wakapiga hesabu kwamba kumfungua mmoja tu kungechukua kama saa 40 za kucheza. Kampuni ilipojaribu kujieleza mtandaoni kwamba lengo ni kumpa mchezaji fahari ya kufanikisha jambo, jibu lake lilipigiwa kura za kulikataa zaidi ya 600,000. Bei ya mashujaa hao ikashushwa hadi alama 15,000, kisha mauzo yote ya ndani ya gemu yakasimamishwa kabla tu haijaingia sokoni. Aprili 2018, tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ikatamka kwamba makasha ya kulipia katika gemu kama FIFA 18 na Overwatch yanavunja sheria ya kamari. Mapema mwaka uliofuata, EA ikaacha kuuza nchini humo FIFA Points, sarafu ya ndani ya gemu ya kununulia makasha hayo.

Sasa linganisha. Pasi ya dola 50 ilikuwa ghali, tena iliuzwa kabla yaliyomo hayajaelezwa vizuri. Lakini ilikuwa na kikomo: ukishalipa, umemaliza. Kasha la bahati halina kikomo, na linamkamua zaidi yule asiyeweza kujizuia. Nani aliyetoka na nafuu hapo? Labda wenye uvumilivu wa kucheza bila kufungua kasha hata moja. Mimi ningeichagua pasi, na ningeinung'unikia.

Shutuma inayorudiwa kuliko zote ni ile ya nyongeza inayotoka siku moja na gemu yenyewe. Kama iko tayari, kwa nini haimo? Mfano mashuhuri ni Mass Effect 3 ya Machi 2012. Kwa dola 10 ulimpata Javik, wa mwisho wa jamii iliyodhaniwa imetoweka miaka 50,000 iliyopita, jamii ambayo mfululizo mzima unaizungumzia. Waliochungulia mafaili ya diski wakakuta sehemu zake zimo. Hasira ikapanda.

Nami naona kumweka kando mhusika mzito kiasi hicho kwenye hadithi ulikuwa uamuzi mbaya. Ila utetezi wa watengenezaji unastahili kusikilizwa kuliko ulivyosikilizwa. Casey Hudson, aliyeongoza utengenezaji wa gemu hiyo, alieleza kwamba tangu maudhui yakamilike hadi diski zifike dukani hupita kama miezi mitatu: kurekebisha hitilafu, kukaguliwa na kampuni zenye mashine za kuchezea, kuchapa, kusafirisha. Muda huo wenye kazi nyingi ni waandishi wa programu na wakaguzi. Mchoraji na mwandishi wa hadithi wamekwishamaliza. Katika tasnia ambako watu huachishwa kazi mradi ukiisha, nyongeza ndiyo iliyowapa sababu ya kuendelea kuwepo. Bajeti yake ni nyingine, na bila matarajio ya kuiuza isingeanzishwa. Tukiipiga marufuku, gemu ya siku ya kwanza haiongezeki hata mhusika mmoja.

Hata mafaili kuwemo kwenye diski si ushahidi wa wizi peke yake. Mwaka huohuo wa 2012, Street Fighter X Tekken ya kampuni ya Capcom ilikutwa na wahusika 12 waliofungwa ndani ya diski wakisubiri kuuzwa. Ilionekana vibaya na ilistahili kuonekana vibaya, maana hapo kazi ilikuwa imemalizika na kufungashwa. Lakini fikiria pambano la mtandaoni: mwenzako kamnunua mhusika fulani, wewe hukumnunua. Ili umwone akikupiga ngumi, mashine yako lazima iwe na umbo lake, mienendo yake na sauti yake. Ama ziwemo kwenye diski, ama zipakuliwe na kila mtu, alipie au asilipie. Anayehesabu mafaili anapima kitu kisicho sahihi. La kupima ni kama ulichonunua kinasimama chenyewe.

Kwa kipimo hicho wapo wanaoanguka bila kujitetea. Asura's Wrath, pia ya Capcom na ya 2012, iliuza mwisho wa kweli wa hadithi yake kama nyongeza. Huwezi kumuuzia mtu hadithi ukabaki na mwisho wake mfukoni. Wapo pia wanaofaulu vizuri mno. The Witcher 3 ya 2015 ilitoa nyongeza ndogo 16 bure, kisha Hearts of Stone kwa dola 10 na, Mei 2016, Blood and Wine kwa dola 20. Hii ya mwisho ilikuja na nchi nzima mpya na kushinda tuzo ya gemu bora ya RPG, yaani ya kuchukua nafasi ya mhusika, katika The Game Awards za mwaka huo. Shadow of the Erdtree ya Elden Ring, Juni 2024, iliuzwa dola 40 na kufikisha nakala milioni 5 ndani ya siku tatu, miaka miwili baada ya gemu mama. Wanunuzi wake hawakuwa wanafuata kipande kilichoibwa. Walishiba, wakaomba tena.

Halafu kuna suala la bei, ambalo halisemwi ipasavyo. Dola 60 ilizoeleka kuwa bei ya gemu kubwa tangu Xbox 360 ilipotoka mwaka 2005, na ikakaa hapohapo hadi mwaka 2020, PlayStation 5 ilipokuja na dola 70. Miaka 15. Kwa mfumuko wa bei wa Marekani, dola 60 za 2005 zilikuwa sawa na karibu dola 80 za 2020, maana yake bei halisi ilishuka kwa takriban robo huku timu za utengenezaji zikizidi kuwa kubwa. Mpinzani atasema, na yuko sahihi, kwamba wanunuzi waliongezeka na kuuza kwa kupakua kumepunguza gharama za diski na usafirishaji. Kampuni hizi hazikuwa zikitoa sadaka.

Sawa. Lakini pengo likihitaji kuzibwa, azibe nani? DLC inamtoza anayetaka zaidi. Dola 70 inamtoza kila mtu, akiwemo anayecheza wikendi mbili na kuiacha. Nimeigeuza hesabu hiyo kila upande na sioni inakuwaje ya pili iwe ya haki zaidi, ingawa ndiyo iliyopokelewa kwa kelele chache. Asiyenunua nyongeza hana alichopungukiwa ikiwa gemu yake ni kamili, na mara nyingi waliomtangulia kulipa ndio wanaoifanya iendelee kurekebishwa. Call of Duty: Modern Warfare ya 2019 ilizifanya ramani zake mpya kuwa bure kwa wote, bili ikalipwa na pasi ya vita, yaani malipo ya kila msimu ya kufungulia zawadi kadiri unavyocheza, na mavazi ya mapambo. Ndiyo, mavazi: wajukuu wa ile deraya ya farasi tuliyoicheka.

Mahali utetezi wangu unapokwama si kwenye kuuza, ni kwenye kunyang'anya. Forsaken, nyongeza ya gemu ya mtandaoni ya Destiny 2, ilitoka Septemba 2018 kwa dola 40, na wengi waliiona kama iliyoikoa gemu hiyo. Februari 2022 Bungie, watengenezaji wake, ikaiondoa kampeni yake, yaani sehemu ya hadithi. Kabla yake, Novemba 2020, ilikuwa imekwishaondoa Curse of Osiris na Warmind, nazo za kulipiwa, pamoja na kampeni ya The Red War iliyokuja na gemu ya 2017. Sababu iliyotolewa ni kwamba gemu imekuwa kubwa mno na nzito kuitunza. Sababu za kiufundi nazikubali. Nisichokikubali ni dola 40 zisizorudi.

California ilipitisha sheria Septemba 2024, ikaanza kutumika Januari 2025, inayomkataza muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno "nunua" bila kukueleza wazi kwamba unachopata ni leseni. Steam, duka la gemu la mtandaoni, iliweka tangazo la namna hiyo mwezi mmoja baada ya sheria kusainiwa. Kwa hiyo sasa unaambiwa kabla ya kulipa kwamba kitu kinaweza kuondoka. Kuondoka kwenyewe bado kunaruhusiwa, na kwa uzito wa malalamiko yetu kuhusu Javik na dola zake 10, inashangaza jinsi tulivyolinyamazia hilo.