Tuache kuwapumzisha wazee wetu

Kila nikipiga simu Tanga nasikia maneno yaleyale: "Mama tumempumzisha, siku hizi hagusi kitu." Wanaosema hivyo wanajivunia, na sababu wanayo, maana kwetu mzazi wa miaka 70 akionekana anateka maji na kufua, watoto wanasemwa mtaa mzima. Lakini mimi nimeishi Leicester, Uingereza, miaka mingi, nimefanya kazi ya kutunza wazee, sasa nami ni mstaafu, na naamini kwa dhati kwamba kumpumzisha mzee namna hiyo ni kumnyang'anya miguu.

Dada yangu wa Ngamiani alikuwa akienda soko la Mgandini kwa miguu, kikapu mkononi, anapiga soga njia nzima. Watoto walipopata kazi nzuri wakamwekea binti wa kazi, na bajaji ikawa inamfuata mlangoni. Leo hainuki kwenye kochi mpaka ashike bega la mtu. Hapo katikati hakuugua ugonjwa wowote wa kumlaza. Akienda kliniki ya presha anaambiwa apunguze chumvi na afanye mazoezi. Ayafanyie wapi? Na nani? Akiwa amevaa nini? Hayo hayasemwi, anaitwa mgonjwa mwingine.

Darasa letu hapa Leicester liko kwenye ukumbi wa kanisa, Jumanne na Ijumaa, saa nne na nusu asubuhi. Saa hiyo ina maana yake. Katika England, mtu aliyefikia umri wa pensheni ya serikali anapanda basi bure, ila siku za kazi kadi inaanza kukubali saa tatu na nusu. Darasa lingeanza mapema zaidi, nusu yetu tusingefika. Aliyepanga ratiba aliwajua watu wake, na mimi naona mambo madogo ya namna hiyo ndiyo yanayojaza ukumbi au kuuacha mtupu.

Viti vinapangwa duara. Tunaanza kwa kukanyaga papo hapo hadi damu ichemke, kisha tunakaa na kuinuka bila kushika popote, tunavuta mipira mirefu kwa mikono, halafu tunasimama nyuma ya kiti kwa mguu mmoja, kidole kimoja tu kikiwa juu ya egemeo. Mtu akithubutu kuondoa hicho kidole, ukumbi mzima unampigia makofi. Hakuna anayekimbia. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wa miaka 65 na kuendelea wapate angalau dakika 150 za kuushughulisha mwili kwa nguvu ya wastani kwa wiki, na siku 3 wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara. Nimeona sababu yake kazini. Huku karibu mtu 1 kati ya 3 wa umri huo huanguka angalau mara moja kwa mwaka, na nimewahudumia waliovunjika nyonga wasirudi tena kuishi nyumbani kwao.

Wengi wetu tuliletwa na karatasi ya daktari. Rufaa ya mazoezi huku mara nyingi ni ya wiki 12 kwa bei nafuu, baada ya hapo unajilipia. Karatasi ikiisha ndipo unapojua nani atabaki. Nilivyoona mimi, waliobaki ni wale waliokuwa wanakaa kwenye chai. Chai yenyewe inakula muda karibu sawa na mazoezi, na mwalimu haharakishi mtu.

Kwenye chai hiyo nina rafiki, mama wa Kigujarati aliyezaliwa Jinja. Alifika hapa 1972, Idi Amin alipowafukuza Wahindi wa Uganda. Halmashauri ya Leicester ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije. Wakaja, na leo mji huu huwezi kuueleza bila kuwataja. Kiswahili chake ni cha dukani kwa baba yake na hakijamtoka. Jumanne moja mafua yalinilaza, jioni simu ikalia: "Wewe iko wapi? Leo kiti yako tupu." Hakuna daktari aliyewahi kunipigia simu ya aina hiyo. Ijumaa nilikwenda.

Hata hivyo sitaki mtu wa nyumbani aone wivu. Wengi wa wenzangu wanaishi peke yao. Wapo ambao kati ya Ijumaa na Jumanne hakuna anayewaita kwa jina. Darasa limebeba kazi ambayo kwetu inafanywa na ukoo na jirani. Dada yangu ana kikoba, ana majirani wa kuzikana, ana maulidi na shughuli za watu. Asipoonekana mara moja tu, ataulizwa. Kile ambacho huku kimejengwa kwa shida, yeye anacho tayari. Amekosa nusu saa ya kuinuka kitini.

Nyumbani juhudi zipo, nami naziheshimu. Desemba 2016 Mama Samia, akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Zanzibar wana siku yao ya mazoezi tarehe 1 Januari. Klabu za jogging zimejaa, fulana rangi moja, nyimbo za mchakamchaka alfajiri. Lakini bibi wa Ngamiani hawezi kukimbia barabarani na vijana, wala hataki kutazamwa. Na miguu iliyolegea haiponi kwa mara moja kwa mwezi. Waangalieni shosho, yaani mabibi, wa mtaa wa Korogocho, Nairobi, waliojifunza kupigana ili kujikinga na wabakaji. Waliingia kwa haja waliyoijua wenyewe, pamoja na majirani wanaoishi nao hatari hiyohiyo. Kampeni ya kutangaziwa kwa kipaza sauti haiwezi kumpa mtu sababu ya namna hiyo.

Kwa hiyo sioni haja ya kuanzisha chama kipya. Kikoba cha dada kinakutana Alhamisi baada ya alasiri, uani, wanawake watupu, viti vya plastiki vipo. Waanze na nusu saa ya mazoezi kabla ya kuhesabu hisa, na dera zao hizohizo, mtandio umefungwa kiunoni. Anayechelewa alipe faini kama anavyolipa kwenye hisa. Mwanzoni aje mtu anayejua kazi, mtaalamu wa viungo hasa, maana mwenye goti bovu na mwenye presha hawawezi kufundishwa kwa kubahatisha. Wanachama 25 wakitoa shilingi 1,000 kila mmoja, ni 25,000 kwa kipindi. Na sisi tulioko Dar, Muscat na huku Ulaya, ambao kila mwezi tunatuma hela ya dawa za presha, tuongeze humohumo na ya mwalimu.