Maiti Wawili Wanaomba Mkasi

Kuna njia rahisi ya kufa kwenye filamu. Unapigwa risasi moja, unashika kifua, unaanguka, unakwenda kunywa maji. Mwongozaji wetu aliidharau njia hiyo. Alikuwa ameitazama Bonnie and Clyde, ile ya mwaka 1967 ya Arthur Penn, mpaka ikamwingia damuni, na sasa alitaka kundi letu la maigizo liuigize ule mwisho wake. Filamu nzima hakuitaka. Alitaka mwisho tu, yaani sehemu ambayo watu wanauawa.

Kama hujaiona: Warren Beatty ndiye Clyde Barrow, Faye Dunaway ndiye Bonnie Parker, wapenzi wanaoiba magari na kuvamia mabenki huko Marekani ya miaka ya 1930, wakati uchumi umeporomoka na benki zinawatoa watu kwenye nyumba zao. Mwanzoni utacheka mno. Kuna benki Clyde anaivamia na bastola, kumbe ilishafilisika, haina hata senti, na inabidi amburure karani hadi nje akamweleze Bonnie mwenyewe kwa nini hakuna hela. Kuna na dereva wao, C.W. Moss, anayeachwa barabarani awe tayari kwa kutoroka. Yeye akaona nafasi ya kuegesha, akaegesha. Tena vizuri, katikati ya magari mawili. Wenzake wanatoka mbio na fedha, gari halichomoki. Unacheka hapo, na kabla hujamaliza kucheka mtu anapigwa risasi ya uso, kicheko kinakukwama kooni. Ndio ufundi wenyewe wa filamu ile, na laiti mwongozaji wetu angeishia kuusifia tu.

Mimi nilipewa nafasi ya Clyde kwa sababu nilikuwa na kofia. Bonnie alikuwa dada mmoja wa kundini, mtu asiyejua kufanya jambo nusu. Alikuwa amesoma kwamba Bonnie halisi aliungua vibaya mguu kwenye ajali ya gari mwaka 1933 na hakutembea sawasawa tena, basi akajizoeza kuchechemea. Alichechemea mazoezini, alichechemea akienda chooni. Onyesho letu lote alitakiwa kukaa kwenye kiti cha gari.

Ubishi ulianzia kwenye kifo changu. Katika filamu, Clyde anashuka garini kumsaidia mzee anayejifanya tairi limemharibikia, na anauawa akiwa nje; Bonnie anafia ndani. Kihistoria sivyo. Tarehe 23 Mei 1934, kwenye barabara ya vumbi karibu na Gibsland, Louisiana, Clyde halisi alikuwa ameshika usukani wa Ford V8 ya wizi. Askari sita wakiongozwa na Frank Hamer walikuwa wamejibanza vichakani, wakammiminia yeye na Bonnie risasi zaidi ya 100. Alifia pale pale kwenye usukani. Tena alikuwa na mazoea ya kuendesha na soksi tupu, maana alipokuwa gerezani Texas vidole viwili vya mguu wake vilikatwa kwa shoka, kwa makusudi, ili akwepe kazi za shamba la wafungwa. Siku chache baadaye akaachiliwa huru. Kumbe mama yake alikuwa amemwombea msamaha, ukakubaliwa.

Nikamwambia mwongozaji: mimi nafia kwenye usukani, na nafa na soksi. Alikubali upesi kuliko nilivyotarajia. Nilikuja kujua baadaye kwamba mlango wa dereva wa gari lile ulikuwa haufunguki, hivyo hata kama angetaka nishuke, nisingeshuka.

Gari lilikuwa la mjomba wake. Zee hasa, na breki yake ya mkono iliwekwa kwa ajili ya kukamilisha idadi ya vitu. Tulilipandisha kwenye kilima kwa sababu huko mwanga wa jioni ulikuwa mzuri, tukalizima, tukaliacha kwenye gia namba moja, na mbele ya tairi tukaweka jiwe. Mpiga picha akatazama, akasema jiwe linaonekana. Nikamweleza kwamba mwaka 1934 mawe yalikuwepo duniani. Jiwe likaondolewa.

Halafu suala la damu. Kina Penn walitumia baruti ndogondogo zilizofichwa ndani ya nguo na kulipuliwa kwa nyaya. Sisi tulijaziwa vifuko vya plastiki vya rangi nyekundu chini ya mashati, kila kifuko na uzi wake wa nailoni, na nyuzi zote zikapita dirishani mpaka kichakani kwa kijana mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuvuta mmoja mmoja kwa mpangilio. Kwa hiyo askari wetu sita walikuwa watano. Penn alipiga tukio lile kwa kamera nne, kila moja na mwendo wake, ndiyo maana wapenzi wale wanaonekana wanakufa polepole na kwa kasi kwa wakati mmoja. Sisi tulikuwa na simu moja ambayo ukiiagiza ipunguze mwendo inajizima, basi mwongozaji akaamua kwamba mwendo wa polepole wa kufa tutauleta wenyewe.

Kilichobaki ni mguu. Mwongozaji alikuwa amesoma mahali kwamba Faye Dunaway alifungwa mguu kwenye mti wa gia, ili aweze kuning'inia nje ya mlango bila kudondoka chini. Likawa agizo. Bonnie wetu akafungwa kifundo cha mguu kwenye gia kwa skafu yake mwenyewe, na aliyefunga alikuwa kijana aliyepitia uskauti. Alilikaza fundo lile akalitazama kwa fahari. Nikauliza tutalifunguaje. Akasema hilo ni swali la baadaye.

"Moto!" mwongozaji akapiga kelele.

Askari wakaibuka vichakani na bunduki zao za mpini wa ufagio, "ta-ta-ta-ta-ta", kwa midomo, maana sauti halisi ingepachikwa baadaye. Mimi nikafa kwa heshima, paji la uso kwenye usukani, macho nimefumba. Bonnie hakufa hivyo. Alirushwa huku, akarushwa kule, akajikunja, akajikunjua, na katika kujikunjua kwa mwisho akautupa mguu kwa nguvu zake zote kuelekea mlangoni.

Nilisikia kitu kama "kluk". Sikukijali, maana maiti hajali.

Baada ya hapo nikasikia upepo mzuri usoni, nikajua wameleta feni, nikampongeza mwongozaji moyoni. Halafu vifuko vyote vikapasuka kwa mpigo, vyangu na vya Bonnie, nikalowa kuanzia shingoni mpaka kwenye soksi. Nikashangaa yule kijana wa nyuzi ana haraka gani. Kumbe yeye alikuwa anakimbia, nyuzi amejizungushia mkononi, anapiga mayowe. Na zile ta-ta-ta zikawa zinafifia, zinafifia, nikasema kweli hawa watu wamekomaa, wameweza kuifanya sauti iende mbali.

Nikafungua jicho. Miti ilikuwa inapita.

"Dada," nikanong'ona, "gari linakwenda."

Kimya.

"Dada! Gia imetoka!"

"Mimi nimekufa," akasema, kichwa kiko nje ya mlango, midomo haisogei. "Sijasikia mwongozaji akisema kata."

"Hutaisikia! Tumewaacha kule juu!"

Akafungua jicho moja. Kutoka alipokuwa ananing'inia aliiona ardhi inavyokimbia karibu na pua yake, akapiga ukelele ambao laiti angeupiga mapema tungepata filamu. Akataka kuruka. Mguu ukamrudisha. Mimi nikasukuma mlango wangu, nikakumbuka. Nikakanyaga breki, ikawa ngumu, injini imezimwa, nikaikanyaga tena kwa nguvu zote na soksi iliyolowa rangi ikateleza kwenye pedali. Naomba ieleweke, kwa sababu watu wa kundi wamelisema sana jambo hili: ulioteleza ni mguu wa Clyde. Mimi kama mimi huvaa viatu.

Nilishika usukani nikauelekeza penye nyasi. Bahati yetu kilima kilikuwa kinaishia na kilikuwa hakina haraka sana, sisi ndio tuliokuwa nayo. Tukapenya kwenye ua wa nyumba ya watu, tukabeba kamba ya nguo, tukasimama taratibu kabisa kwenye kichaka cha maua, na shuka moja jeupe likashuka likalala juu ya kioo cha mbele.

Hebu tazama alichokiona bibi aliyekuwa pale anaanika nguo. Gari lina matundu ya risasi ubavu mzima (karatasi nyeusi tulizozibandika kwa gundi). Mwanamke ananing'inia mlangoni, damu mpaka kwenye nywele, maana dada yule alipoona tumesimama salama alirudi kufa, kata ilikuwa bado haijatoka. Mwanamume amelalia usukani anahema. Na sanda tayari.

Bibi akasogea na beseni lake. "Maskini," akasema polepole, "watoto wa watu."

Nilifanya jambo ambalo mtu yeyote aliyelelewa vizuri angelifanya. Niliinua kichwa, nikasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu," akajibu.

Alikuwa ameshajibu ndipo akaelewa kilichomsalimia. Beseni lilitangulia, yeye akafuata, kwa kasi ambayo sijaiona kwa mtu wa umri ule.

"Bibi, usikimbie! Tunaomba kisu!"

"Mkasi," maiti wa pembeni yangu akanikosoa. "Omba mkasi. Kisu kinatisha."

Majirani wakajaa, lakini kwa umbali. Kila nilipotoa mkono dirishani kueleza, duara lilirudi nyuma hatua kadhaa. Mmoja akawa anasoma dua. Mwingine akauliza kwa sauti kama kuna anayewajua marehemu.

Na hapo ndipo kikosi cha Frank Hamer kilipotokea mteremkoni, wanaume watano wenye makoti na bunduki, wanakimbia wanatweta, na mbele yao mwongozaji, amepandwa na wazimu, anapunga mikono na kupaza sauti, "Kata! Kata! Kata!"

Bonnie akashusha pumzi, akajiinua, akakaa vizuri. "Haya sasa," akasema.

Watu hawakulichukulia hivyo. Walimwona muuaji anawafuata waliojeruhiwa ili awamalizie, anatoa na maelekezo. Katika filamu ya Penn kuna mahali Bonnie na Clyde, wakiwa na majeraha, wanafika kwenye kambi ya masikini waliofukuzwa makwao, na masikini wale wanawapa maji bila kuuliza maswali mengi. Siku zote nililiona tukio lile limetiwa chumvi. Sasa nilikuwa naangalia watu nisiowajua wanajipanga kati yangu na sheria. "Mmeshawaua, mnataka nini tena?" jamaa mmoja akafoka, akamnyang'anya Hamer bunduki, akaigeuza, akaiangalia. Akaigeuza tena.

"Huu si ufagio?" akauliza.

Maelezo yalichukua muda. Aliyetuokoa ni yule yule bibi, aliyerudi na mkasi, akampita mwongozaji bila kumtazama, akainama garini akakata skafu mwenyewe. "Nani amemfunga mtoto wa watu namna hii?" Yule skauti alikuwa hajafika, na kwa alivyosikia kelele za pale hakufika kabisa. Bonnie akashuka, akapiga hatua mbili, na safari hii alikuwa anachechemea kweli. Bibi akanigeukia mimi. Nikaanza kumweleza kwamba kihistoria tulikuwa sahihi: hata Ford ya Clyde, baada ya dereva kuuawa, iliendelea kutembea na maiti wake mpaka ikaishia mtaroni. Akanikabidhi kamba ya nguo, akasema nianze kufua.

Nilifua. Rangi ile haitoki.

Mpiga picha alikuwa hajaacha kurekodi, hilo tumpe. Alikimbia na simu tangu mwanzo mpaka uani. Unaona vichaka, unaona risasi za mdomo, unaona Bonnie anajirusha, kisha gari linajiondokea kimya kimya na kuwaacha askari wamesimama wanaendelea na ta-ta-ta kuelekea mahali ambapo hapana kitu. Mwongozaji aliitazama mara nyingi, mwisho akatangaza kwamba katika filamu yetu Bonnie na Clyde wanatoroka. Aliyekasirika ni Hamer wetu, kwa vile anaonekana anaanguka kifudifudi akiwa amelenga shabaha. Mjane wa Hamer halisi alikwenda mahakamani kwa namna filamu ya 1967 ilivyomfanya mumewe aonekane mjinga. Wa kwetu yuko hai, kwa hiyo analalamika mwenyewe, kila tukikutana.

Mjomba alipokuja kuchukua gari alilizunguka taratibu. Zile karatasi za matundu zilikuwa zimegoma kubanduka, na penye moja iliyobanduliwa kwa nguvu, rangi ya gari ilitoka nayo. Mwongozaji akawahi kumpoza. Akamwambia kwamba mwenye Ford ile halisi, Ruth Warren wa Topeka, Kansas, alihangaika mpaka mahakamani ndipo akarudishiwa gari lake, na baada ya hapo likakodishwa likazungushwa kwenye maonyesho na matundu yake vilevile, watu wakawa wanalipa kiingilio kulitazama.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma.

"Kwa hiyo huyo mama alilipwa," akasema.

"Alilipwa, mjomba."

"Basi anza wewe. Umelitazama tangu asubuhi."