Dodoma hii, gia 21 za nini?

Mtu akitaka baiskeli ya kwendea kazini anakimbilia zile za gia 21, shokapu mbele na nyuma, rangi kali, dukani zinavutia kweli, ila kwa Dodoma hii naona ni kujitafutia undugu na fundi. Kwani toka Nkuhungu mpaka mjini kuna mlima gani wa kutaka gia zote hizo? Shida yetu ni vumbi, upepo na mbigili, halafu mvua zikianza Desemba, tope.

Cheki kile kidude cha gia kinachoning'inia nyuma. Kiangazi kinajaa vumbi, fundi anakumiminia oili chafu kwenye cheni, siku mbili tatu inateleza vizuri, wiki haijaisha mchanga na oili vimeshakuwa uji mweusi unaosaga meno taratibu. Cheni inataka tambara kavu, tone dogo la oili, unafuta tena, basi.

Mimi ningekwambia chukua ya mtumba ya Kijapani, ile ya kikapu mbele, yenye gia 3 ndani ya habu, yaani kile kitovu cha gurudumu la nyuma, na kava la cheni. Gia zimefungiwa ndani vumbi halizifikii, cheni inaenda moja kwa moja haipindipindi, madigadi zipo, taa ya dainamo ipo. Kuna wanaume wanaona noma eti ya kike, shauri yao. Ila kabla hujatoa hela angalia tairi, nyingi zimeandikwa 26 x 1 3/8 na hiyo haiingiliani kabisa na 26 ya mauntenibaiki, rimu zinapishana kama sentimita 3, kwa hiyo muulize fundi wako kwanza kama anazipata, akisita nunua ya akiba hukohuko.

Ukikosa, Phoenix nyeusi ya 28 inafaa. Nzito, ukikutana na upepo wa Agosti utaitukana, lakini breki zake ni za vyuma, hazina waya wa kukatika, na spoku na gololi zake hata vijijini unapata.

Mbigili hazina mbabe. Chana tyubu kuukuu uitandaze kati ya tairi na tyubu nzima, na jioni kagua tairi uzing'oe hazijazama.

Na breki ya nyuma ya Mjapani ikianza kulia mtaa mzima ukasikia, usikubali mtu akupakie oili mle ndani, makelele yataisha kweli ila na breki yenyewe itakuwa imeisha.