Mkanda wa jeshi wa mzee na swali ambalo halikuulizwa

Kwa miezi mitano mfululizo baba yangu mkubwa alipita mitaa ya Ujiji ameshika shati lake kwa vidole viwili, akilivuta kando ili lisimguse ubavu wa kushoto, na asiyemjua angedhani mzee anajipepea kwa sababu ya joto. Malengelenge yalikwisha kukauka zamani na magamba kudondoka. Kilichobaki ni baka jeusi lenye upana wa kiganja, lililoanzia kwenye uti wa mgongo, likapita ubavuni na kukomea karibu na chembe cha moyo. Hata upepo wa feni ulimchoma. Ana miaka 73, na maisha yake yote ya kazi alinunua dagaa Kibirizi na kuwasafirisha kwa treni. Mtu wa namna hiyo halii ovyo, lakini usiku tulikuwa tunamsikia.

Maumivu yalitangulia upele kwa siku nne, na nyumbani kila mtu aliamini ni kichomi. Upele ulipotoka, jirani mmoja alishauri apakwe mawese yaliyochanganywa na majivu. Mwingine akaonya kwamba mkanda wa jeshi ukizunguka kiwiliwili na ncha zake zikakutana, mgonjwa haponi. Neno lililomchelewesha lilikuwa lingine, nalo halikusemwa mbele yake: kwamba mzee amekanyaga waya, yaani ana UKIMWI. Alipofikishwa kwenye kituo cha afya, siku ya sita tangu upele uanze, alipimwa Virusi vya UKIMWI (VVU), akaonekana hana, akapewa parasetamoli na losheni ya kalamini, akaruhusiwa kurudi nyumbani. Sote tulishusha pumzi, kana kwamba majibu yale ndiyo yalikuwa tiba.

Mazoea haya yana asili yake, na si haki kuyacheka. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligundulika Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi baada ya hapo vipimo vilikuwa adimu, hivyo matabibu walilazimika kusoma alama za mwilini. Mkanda wa jeshi kwa kijana wa miaka 25 ulikuwa alama isiyopuuzwa, na hata leo kijana anayepata ugonjwa huo anapaswa kupimwa bila kuchelewa. Mzee naye apimwe, kwa kuwa wazee nao huambukizwa. Ninachokilalamikia ni kwamba baada ya kipimo kile hakuna aliyeuliza swali la pili, yaani kama si VVU, kwa nini ugonjwa huu umemjia mtu huyu, na kwa nini sasa.

Hakuna aliyemwambukiza mkanda wa jeshi. Alichoambukizwa ni tetekuwanga, akiwa mtoto, na yeye mwenyewe anakumbuka kuogeshwa maji ya mwarobaini na kuzuiwa kutoka nje. Upele wa tetekuwanga ulipona, virusi vyake havikuondoka. Vilipanda kwa njia ya neva za ngozi hadi kwenye mafundo ya neva yaliyo kando ya uti wa mgongo, vikajibana humo bila kuzaliana na bila kumsumbua, kwa zaidi ya miaka 60. Aliyeifafanua habari hii vizuri zaidi ni daktari wa kawaida wa mji mdogo wa Cirencester huko Uingereza, Edgar Hope-Simpson, ambaye mwaka 1965 alichapisha kumbukumbu za miaka 16 za wagonjwa wake mwenyewe. Katika wagonjwa 192 wa mkanda wa jeshi aliowaandika, aliona kwamba ugonjwa huongezeka kadiri umri unavyosonga, na akakadiria kuwa katika watu watakaofikisha miaka 85, nusu yao watakuwa wameupata angalau mara moja. Alikuwa na daftari na subira, vitu ambavyo hata zahanati ya kijijini inaweza kuwa navyo.

Maelezo hayo ndiyo yanayoonyesha kwa nini malengelenge ya baba mkubwa yalikomea katikati ya mgongo kama vile kuna aliyepiga mstari kwa rula. Kila fundo la neva huhudumia ukanda mmoja wa ngozi, upande wake tu. Virusi vikiamka katika fundo la kushoto, vitashuka kushoto. Kwa kawaida, basi, ncha hazikutani. Hata hivyo sikatai kwamba wazee wetu waliona jambo: mtu ambaye kinga yake imeporomoka kabisa huweza kutokwa na upele mwili mzima, na zamani wengi wa namna hiyo hawakupona.

Kinachovizuia virusi visiamke ni seli T za damu, askari wa kinga ambao walikwisha kuvijua tangu utotoni na wanaendelea kuvilinda visitoroke. Askari hao huzeeka. Tezi ya thaimasi, iliyoko nyuma ya mfupa wa kidari, ndiyo inayowafunza askari wapya, lakini huanza kusinyaa mapema sana, na baada ya balehe sehemu yake kubwa hugeuka mafuta kidogo kidogo. Mtu wa miaka 70 hupata kuruta wachache mno. Anaishi kwa kutegemea maveterani, na maveterani wanaokumbuka tetekuwanga hupungua nguvu mwaka hadi mwaka. VVU hufanya uharibifu unaofanana na huu, ila huufanya kwa kasi na kwa mtu wa umri wowote. Kwa hiyo alama tuliyofundishwa kuisoma kuwa UKIMWI ni alama ya kinga iliyolegea, na uzee ni sababu ya kulegea huko inayotusubiri wengi wetu.

Tetekuwanga si mpangaji pekee asiyehama. Kuna saitomegalovirusi, ambavyo katika nchi zetu watu wengi hupata wakiwa wachanga, mara nyingi kupitia maziwa ya mama au mate, bila dalili yoyote ya kukumbukwa. Kwa mtu mzima mwenye afya aliye navyo, kwa wastani karibu asilimia 10 ya seli T za kumbukumbu, yaani wale maveterani, katika damu huwa zimeelekezwa kwenye virusi hivyo peke yake, na kwa baadhi ya wazee kiwango huwa kikubwa zaidi. Watafiti wa Sweden waliowafuatilia wazee wa Jönköping waliona kwamba waliokuwa na mpangilio fulani wa seli za kinga, unaoambatana na virusi hivyo, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa ndani ya miaka michache. Wengine wakahitimisha kwamba virusi hivyo ndivyo vinavyoizeesha kinga. Mimi nasita, kwa sababu utafiti uliotangazwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba vijana walio navyo waliitikia chanjo ya mafua vizuri kuliko wasio navyo. Tena hoja nyingi za aina hii zinatoka Ulaya na Marekani, ambako inawezekana kumlinganisha mzee aliye na virusi na mzee asiye navyo. Hapa Kigoma huyo wa pili utamtafuta kwa tochi.

Chanjo ya mkanda wa jeshi ipo. Ile inayotumika zaidi sasa iliidhinishwa Marekani mwaka 2017. Katika majaribio iliwakinga watu wa miaka 50 na kuendelea kwa asilimia 97, na waliozidi miaka 70 kwa takriban asilimia 90, jambo la kushangaza kwa kinga ya wazee ambayo kwa kawaida haiitikii chanjo ipasavyo. Siri yake ni kichocheo kiitwacho AS01, kinachoishtua kinga iamke. Kichocheo hicho hicho kimo katika chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo watoto wa Korogwe na Bagamoyo walishiriki kuijaribu. Watoto wetu wamesaidia kukithibitisha, na babu zao hawajawahi kukisikia, kwa maana ratiba ya taifa ya chanjo haina chanjo ya mkanda wa jeshi. Siidai kesho, bei yake naijua, na surua bado inahitaji fedha.

Ninachodai ni kidogo zaidi. Asaiklovia ni dawa ya zamani, iliyotoka katika maabara ya Gertrude Elion na wenzake, naye akapata tuzo ya Nobel mwaka 1988. Si dawa ya kampuni moja tena. Mtu mzima humeza miligramu 800 mara tano kwa siku kwa siku saba, mzee mwenye figo dhaifu akipunguziwa, na hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele utokee. Siku sita ni nyingi mno. Upele ukiwa kwenye paji la uso au ncha ya pua, kuchelewa huweza kugharimu jicho. Dirisha la wazee lipo katika hospitali nyingi, na mhudumu hapo hupima presha bila kuombwa. Ni jambo gumu kiasi gani kuandika kwenye karatasi moja ukutani kwamba maumivu ya upande mmoja, yakifuatiwa na malengelenge, ni ya kuletwa siku hiyo hiyo? Baba mkubwa alipata nafuu katika mwezi wa sita wa kuugua, katika hospitali nyingine, kwa kidonge kidogo cha amitriptilini kila usiku, dawa ambayo awali ilitengenezwa kwa ajili ya sonona.

Nimeacha jambo moja, kwa kuwa linanitia aibu. Wiki ile ya malengelenge, sahani yake na kikombe chake cha bati vilitengwa, vikaoshwa peke yake na kuwekwa kwenye rafu ya juu. Hakuna aliyetoa amri, vilijikuta huko tu. Lakini mjukuu wake wa miaka miwili, ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga, aliachwa alale naye kitanda kimoja kama kawaida, mzee akiwa kifua wazi kwa sababu shati lilimuumiza na vidonda bado vikitoa maji yenye virusi vile vile vya tetekuwanga. Baada ya wiki mbili mtoto akatokwa na vipele mwili mzima. Nyumbani walisema ameambukizwa na watoto wa jirani, wakamchemshia mwarobaini, na kikombe cha bati kikabaki rafuni.