Dawa ya kaboni: inafika wapi, haifiki wapi

Katika magereji ya Nakuru na Kisumu, ubishi kuhusu kaboni, yaani ukoko wa masizi unaoganda ndani ya injini, hauishi. Fundi mmoja atakwambia ununue chupa ya dawa, umimine kwenye tangi, na injini itarudi kuwa nyepesi. Mwenzake atasema hizo ni pesa za kutupa, kaboni haitoki bila spana. Wote wawili wameona gari linalowaunga mkono. Tatizo ni kwamba hawazungumzii injini moja, na swali la kuuliza kabla ya kutoa hata shilingi ni hili: petroli ya gari hili inapita wapi?

Chukua Probox, ambayo huku magharibi ndiyo inayobeba watu na mizigo kila uchao. Injini yake ya 1NZ-FE hunyunyizia petroli mgongoni mwa valvu za kuingiza hewa, nje ya silinda. Ukoko ukishika pale, kila tone linalonyunyizwa linaupitia. Petroli hiyo ikiwa na dawa nzuri, ukoko hulainika kidogo kidogo na kuungua na mafuta. Kwa injini ya aina hii, mwenye chupa ana haki yake.

Lakini si kila chupa. Soma kibandiko utafute polietaamini, inayofupishwa PEA. Hiyo ndiyo inayostahimili joto la ndani ya silinda na kuondoa ukoko hata juu ya pistoni. Dawa nyingine husafisha injekta (vinyunyizi vya petroli) na valvu vizuri tu, ila zenyewe zinaweza kuacha mabaki kwenye pistoni. Chupa ambayo haisemi ina nini, iache dukani.

Hata dawa nzuri huharibiwa na kipimo. Tuseme chupa ya mililita 300 imetengenezewa lita 60 za petroli, yaani mililita 5 kwa kila lita. Wengi wetu tunaweka mafuta ya shilingi elfu moja, ambayo hayafiki hata lita 7, kisha chupa nzima inamwagwa humo. Hapo dawa imezidi karibu mara tisa. Sehemu yake inateremka kando ya pistoni, inaosha oili ukutani mwa silinda na kuizimua iliyo kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Nunua sirinji duka la dawa, upime: lita 10 za petroli, mililita 50. Weka dawa kwanza, petroli ifuate ili ichanganyike. Kisha endesha safari ndefu injini ikiwa moto, Nakuru hadi Naivasha au Kisumu hadi Kericho, kwa sababu mizunguko ya kilomita 2 mjini ndiyo iliyoleta masizi hayo tangu mwanzo. Panga kumwaga oili mara tangi hilo likiisha. Ukimwaga oili kabla ya dawa, umeanza na mwisho.

Wanaopinga dawa wana hoja nyingine nzito: mara nyingi kaboni inasingiziwa. Gari linatetemeka asubuhi, au linakosa nguvu likipanda Mamboleo kwenda Kiboswa, na jibu la haraka ni chupa. Soma kwanza kodi ya hitilafu, ile namba inayotolewa na kompyuta ya gari. Ikitokea P0302, yaani silinda ya 2 haichomi sawasawa, hamisha koili (inayoipa plagi umeme) ya silinda ya 2 uiweke ya 3. Kodi ikigeuka kuwa P0303, mkosaji ni koili, na hakuna dawa ya tangini itakayoifufua. Kama injini inakula oili, pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, kisha tia kama mililita 10 za oili kwenye tundu la plagi upime tena. Kipimo kikipanda, ringi za pistoni zimechoka au zimekwama. Hata ukisafisha valvu leo, oili inayopanda itazichafua upya. Kuna pia mafuta yaliyochakachuliwa. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya na mafuta mengine, na sababu ilikuwa ya kweli: mafuta ya taa kwenye petroli hayaungui sawasawa.

Kwa dizeli nitasema machache. Dawa yake husaidia injekta, lakini masizi ya EGR (mfumo unaorudisha sehemu ya moshi kwenye injini) yaliyojaa kwenye manifoldi, bomba linalogawia silinda hewa, hayaguswi na kitu chochote kilichomo tangini.

Kuna jambo moja ambalo halina pande mbili: kumimina maji au tina ya rangi kwenye mdomo wa hewa injini ikinguruma. Kimiminika hakibanwi kama hewa. Kikijaa juu ya pistoni, konrodi, mkono unaoshika pistoni, hupinda, na umenunua injini nyingine.

Sasa tuje kwa D4 ya Toyota, jina linalowatia wanunuzi wa magari wasiwasi. Injini kama 1AZ-FSE, iliyo kwenye Noah nyingi za miaka ya 2000, humwaga petroli ndani ya silinda moja kwa moja. Skyactiv za petroli za Mazda na TSI nyingi za Volkswagen ni hivyo hivyo. Valvu ya kuingiza hewa haionji petroli kamwe. Inachopata ni mvuke wa oili na masizi ya EGR, vinavyokaangika juu ya chuma cha moto mpaka shingo ya valvu inavimba ukoko mweusi, mkavu, wenye nyufa kama wa ugali uliosahauliwa jikoni. Chupa kumi zitasafisha injekta. Valvu itabaki vile vile. Hapa mwenye spana ndiye mkweli.

Manifoldi ifunguliwe. Zungusha krenki (shafti inayosukumwa na pistoni) kwa mkono hadi valvu za silinda unayosafisha zifunge kabisa, la sivyo uchafu utaangukia pistoni. Mimina dawa ya kusafishia kabureta, iache nusu saa, sugua kwa brashi ya nailoni, fyonza kwa mashine, rudia mpaka chuma kionekane, ndipo uhamie silinda nyingine. Wakati wa kufunga, weka gasketi mpya ya manifoldi. Ya zamani ikirudishwa, hewa itapenya pembeni, injini itatetemeka kama jana, na lawama itarudi kwa kaboni ambayo haipo tena.